Kinywa kikifunguliwa, kitazamwe: barua ya wazi kwa Kamati ya Elimu, Afya na Maji, Misungwi

Waheshimiwa Madiwani, wajumbe wa Kamati ya Elimu, Afya na Maji, Halmashauri ya Wilaya ya Misungwi,



Nawaandikia kutoka Usagara, hapa njia panda, barabara ya Mwanza inapogawanyika: moja inakwenda Misungwi na Shinyanga, nyingine inakwenda Kigongo kulivuka ziwa kwa daraja jipya. Nilifundisha darasa la kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Sasa nimestaafu, nalea mjukuu wakati mama yake yuko kazini, na jambo ninalowaletea lilinijia nikiwa nimempakata mjukuu huyo.

Ilikuwa kliniki ya wiki ya 14. Mnazijua siku hizo: akina mama wamejaa kwenye mabenchi tangu asubuhi na mapema, mzani umening'inizwa, watoto wanapokezana kulia. Zamu yetu ilipofika nesi alimpima mtoto uzito, akaandika kwenye kadi, akamchoma sindano zake, kisha akambana mashavu kwa vidole viwili. Kinywa kikafunguka, matone ya polio yakaingia, kinywa kikafungwa. Nikamwomba anitazamie fizi za mtoto kabla hatujaondoka. Akanijibu kwa upole, "Mayu, mambo ya meno ni hospitali." Nyuma yetu foleni ilikuwa bado ndefu. Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo nayo ni kazi yake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nahesabu. Matone ya polio hutolewa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Akifikisha miezi sita huanza vitamini A, mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, mpaka atimize miaka mitano. Mama asiyekosa kliniki anampeleka mwanawe mahali ambapo mtumishi wa afya atamfungua kinywa zaidi ya mara 10 kabla hajavaa sare ya shule. Kinywa kinafunguliwa kila mara, na hakuna anayetazama ndani. Halafu siku mtoto huyo huyo anapokuwa na miaka saba, shavu limevimba, halali usiku, tunapanda basi kwenda kumng'oa jino.

Waheshimiwa, ombi langu ni moja, na mengine yote humu ni matawi yake: kinywa kikifunguliwa, kitazamwe. Nawaandikia ninyi, sikumwandikia Waziri, kwa sababu ya jina la kamati yenu. Elimu, afya, maji. Jino la mtoto linapita katika mikono hiyo mitatu, na hapa wilayani ni ninyi tu mnaoishika yote kwa pamoja.

Nina sababu ya kuanza na wachanga, na inaniuma kuiandika. Mwaka 1988 mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi mitano. Akashikwa na homa, akawa anaharisha, mate yanamtoka, anatafuna ngumi yake. Mama mkwe alipitisha kidole kwenye fizi za juu, akasema, "Mtoto ana meno ya plastiki." Wengine huyaita meno ya nailoni. Jioni ile tulimpeleka kwa mzee mmoja aliyesifika kwa kazi hiyo. Alikuwa na sipoki ya baiskeli, ameinoa ncha. Mimi ndiye niliyemshika mtoto mikono. Mzee alichimbua pande zote mbili, akatoa vitu vidogo vyeupe, laini, akaviweka juu ya jani na kuniambia hivyo ndivyo vilivyokuwa vinamla mwanangu. Nikamshukuru. Nikampa kuku.

Vile vilikuwa vichipukizi vya chonge. Jino linapojengeka ndani ya fizi linakuwa laini na jeupe kwa sababu halijakomaa, na fizi iliyo juu yake huinuka kidogo. Hakuna plastiki wala nailoni. Homa ya mwanangu ilishuka siku ya nne, kama ambavyo homa nyingi za watoto hushuka, na sifa ikaenda kwa sipoki. Chonge zake za utotoni hazikuota kamwe. Za ukubwani, ambazo mbegu zake hukaa jirani kabisa na zile zilizochimbuliwa, moja ilitoka imepinda na nyingine haikutoka. Leo ni mtu mzima mwenye watoto, na katika maisha yake hajawahi kumenya muwa kwa meno.

Na yeye ni katika waliopona. Wapo waliovuja damu hadi kuishiwa nguvu, wapo waliopata pepopunda au sumu ya damu, wapo waliokufa kwa malaria au kwa kukauka maji mwilini huku wazazi wakisubiri kidonda cha fizi kipone. Chombo kile kile kisichochemshwa hutoka kinywa cha mtoto huyu kikaingia cha yule. Jambo hili halikuanza jana. Daktari Jens Pindborg wa Denmark aliliandika mwaka 1969 kutokana na aliyoyaona Uganda, ambako huitwa ebinyo, na watafiti wa meno wa hapa Tanzania wamekuwa wakiliandika tangu miaka ya 1980. Miaka yote hiyo linajulikana katika majarida ya kitaalamu, lakini mimi, mwalimu niliyesoma, sikuambiwa na mtu yeyote siku niliyohitaji kuambiwa.

Siku hiyo ipo, nayo ni wiki ya 14. Umri ambao mtoto huanza kuonja uji, kutambaa kwenye vumbi na kuharisha ndio umri ambao fizi zake huanza kuinuka. Mambo mawili yanakutana kwa wakati mmoja na mama anadhani moja limezaa jingine. Akishatishwa na homa, hasikii tena maelezo. Kwa hiyo aambiwe mapema, nesi akiwa bado amemshika mtoto mashavu: "Mama, weka kidole hapa, na hapa. Miezi michache ijayo patavimba kidogo. Hizo ni chonge zake, zinaota. Akiharisha mpe ORS na zinki, akipata homa mlete apimwe malaria. Mtu asimchimbue." Kusema hivyo ni nusu dakika. Laiti ningeambiwa mwaka ule.

Najua mmoja wenu atapendekeza sheria ndogo ya kuwakamata wachimbuaji. Nawaomba msianzie huko. Mkianza na faini, kazi itahamia usiku na mama ataogopa kuleta mtoto aliyejeruhiwa. Waiteni wazee hao na wakunga wa jadi kwenye vikao vya kijiji, pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, waonyeshwe picha ya taya la mtoto na meno yakiwa yamejipanga ndani. Mimi niko tayari kuja kusimulia habari ya mwanangu, kwa idhini yake, ambayo amenipa.

Kitu kingine nesi anachoweza kukiona, kuanzia kliniki ya miezi tisa na hasa ya miezi 18 mtoto anaporudi kwa surua na rubela, ni mstari mweupe. Ukiinua mdomo wa juu wa mtoto, kwenye meno ya mbele, pale jino linapokutana na fizi, utaona kama mtu amepitisha chaki. Nimeshika chaki maisha yangu yote, na sikujua kwamba weupe ule ni jino linaloanza kuoza. Katika hatua ile bado halijatoboka. Ukimpunguzia mtoto sukari na kumpiga mswaki kwa dawa yenye floridi, jino linaweza kujirudi. Miezi michache baadaye mstari unakuwa wa kahawia, kisha tundu, na hapo mazungumzo yamekuwa mengine. Mtoto huyo mara nyingi ni yule anayelala na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, au juisi, mdomoni. Usiku mate hupungua, na mate ndiyo yanayosuuza na kukarabati jino. Sukari ikikaa juu ya jino kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri, vijidudu vinaigeuza tindikali na jino linayeyuka polepole huku mtoto amelala.

Sasa shuleni, ambako nina haki zaidi ya kusema.

Kila mwaka, kabla mvua za masika hazijaisha, nilikuwa nimeshawajua watoto wa jino. Huweka shavu moja kwenye dawati. Saa ya mapumziko hawakimbii. Wakipewa kalamu wanaandika mstari mmoja na kuacha. Niliwahi kumwita mtoto wa namna hiyo mvivu mbele ya wenzake, kabla sijajifunza kuuliza, "Unaumwa jino?" Naye akatikisa kichwa kukubali, machozi yakamtoka kwa kuwa hatimaye mtu ameuliza. Nikimfungua kinywa, mara nyingi jino lililotoboka lilikuwa gego la nyuma kabisa, na mzazi nilipomwita aliniambia, "Hilo si la utoto tu, mwalimu? Litang'oka lenyewe."

Halitang'oka lenyewe. Waheshimiwa, hili naomba mlichukue mpaka kwenye mikutano ya kata zenu, kwa sababu wazazi wengi hawalijui. Mtoto akikaribia miaka sita, nyuma ya magego yake ya utotoni hutokeza gego jingine, kila upande, juu na chini. Halisukumi jino lolote, halitanguliwi na pengo, hakuna jino la kurusha juu ya bati. Linatoka kimyakimya, na hilo ni jino la kudumu. Atakwenda nalo mpaka uzee. Lina mashimo na mifereji juu yake, linakuja wakati mtoto bado hawezi kujipiga mswaki vizuri mpaka nyuma, na linakuja mwaka ule ule anaopewa mia mbili ya kununua kitu shuleni.

Pale getini kuna mama wa barafu za rangi, kuna pipi, kuna biskuti, kuna maji ya unga wa juisi yamefungwa kwenye vifuko. Sitaki akina mama wale wafukuzwe. Wengine nimewafundisha, na watoto wao wanasoma kwa biashara hiyo. Nataka jambo moja lieleweke: kwa jino, idadi ya mara ina uzito kuliko wingi. Mtoto akila pipi tano kwa mkupuo mmoja, jino lake linashambuliwa mara moja, kisha mate yanapata muda wa kulitengeneza. Akimung'unya moja saa mbili, nyingine saa nne, barafu saa sita, soda saa tisa, mate hayapati nafasi siku nzima. Uongozi wa shule ukikubaliana na wauzaji kwamba vitu vitamu viuzwe saa ya mapumziko peke yake, na saa nyingine wauze karanga, muhogo wa kuchemsha, mayai, matobolwa ya viazi vitamu, tayari kuna jino limepona.

Halafu mswaki. Neno lenyewe linatukumbusha kwamba mswaki ulikuwa kijiti kabla haujawa plastiki, na bibi zetu walipiga kijiti kila asubuhi, meno yao yakafika nao kaburini. Sina ugomvi na kijiti. Kikitafunwa ncha vizuri kinaondoa ukoga kama kawaida. Ila bibi hakuwa na chai ya sukari mara tatu kwa siku, na kijiti hakina floridi. Tia dawa ya meno yenye floridi juu ya kijiti, basi umeunganisha vyote viwili. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, dawa yenyewe iwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, punje ya njegere. Apigwe mswaki na mtu mzima, au asimamiwe, mpaka afike kama miaka saba au minane, kwa sababu mkono usioweza kuandika herufi ndogo kwenye mstari hauwezi kusafisha gego la nyuma. Na akimaliza ateme tu, asisukutue kwa maji mengi, floridi ibaki ikifanya kazi.

Kutema bila kusukutua kuna maana kubwa kwa shule zetu. Nikizungumza habari ya kupiga mswaki shuleni naambiwa kwanza kwamba maji hayapo. Maji hayahitajiki. Yanahitajika shimo la kutemea nyuma ya madarasa, mswaki wenye jina la kila mtoto, dawa ya meno ambayo mwalimu anaitia kwenye kila mswaki bila ncha kugusana, na dakika mbili kabla ya somo la baada ya mapumziko. Ufilipino wanafanya hivyo katika shule za umma chini ya mpango wanaouita Fit for School: kunawa mikono kwa sabuni, kupiga mswaki kwa pamoja kila siku, dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka, na kazi yote inasimamiwa na walimu. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Watoto wa pwani ya ziwa hili wamekunywa dawa ya kichocho mikononi mwetu walimu. Tuliwapanga kwenye ile fimbo ya kupimia urefu, tukahesabu vidonge, tukajaza daftari, tukawapa uji kwanza ili wasitapike. Mwalimu aliyeweza hayo anaweza kusimamia mswaki.

Naja kwenye afya, na hapa nina jambo la kutufariji kidogo.

Tunapowaza huduma ya meno tunawaza kiti cha umeme, mashine inayolia, daktari wa hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure. Hivyo tunaona zahanati haihusiki. Lakini katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken na wenzake katika shule ya meno ya Dar es Salaam waliona kwamba vijijini mwetu jino linang'olewa hata pale lingeweza kuzibwa, kwa kukosa umeme tu. Wakajaribu njia nyingine: kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, vijiko vidogo na patasi ndogo, kisha kuziba kwa simenti ya meno. Leo hutumika simenti inayoitwa glasi ayonoma, ambayo inagandamana na jino na kuendelea kutoa floridi kidogo kidogo. Hakuna mashine, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki kwa sababu sehemu iliyokufa haina maumivu. Mgonjwa analala juu ya meza, kichwa chake kikiwa upande wa dirisha. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliipa afya ya kinywa nafasi ya Siku ya Afya Duniani na kuitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Mwaka 2021 simenti ile, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na dawa ya fedha na floridi ya kupaka kwenye tundu ili lisiendelee, viliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Ilijaribiwa kwetu kwanza, waheshimiwa, kwa ajili ya watu kama sisi. Inafundishwa leo nchi za mbali. Nami nimeshuhudia mtoto wa jirani aking'olewa gego la kudumu akiwa na miaka tisa, kwa tundu ambalo mwaka mmoja kabla lilikuwa dogo kama kichwa cha kibiriti, kwa sababu mahali tulipompeleka siku ile kulikuwa na koleo na ganzi, simenti hakuna. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Yule mtoto ana miaka 60 ya kutafuna mbele yake.

Mnaye mratibu wa afya ya kinywa na meno katika timu ya afya ya wilaya, na wapo matabibu wa meno. Wapeni ratiba ya kuzunguka. Kila kituo cha afya na zahanati kubwa kiwe na siku yake inayojulikana, ikiwezekana iwe siku ya kliniki ya mtoto, na tabibu afike na vifaa vyake vya mkono, simenti, na sufuria ya kuchemshia. Nesi aliyeona mstari mweupe au tundu dogo awe na jina la kuandika na tarehe ya kumpa mama. Bila tarehe hiyo, kutazama kwake hakutamsaidia mtu. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito wana msamaha wa malipo katika vituo vya serikali. Akina mama waambiwe kwamba jino nalo ni ugonjwa, wasidhani msamaha unaishia kwenye malaria.

Kuna jambo moja hapa ambalo siwezi kuliandika kwa haraka, maana linaua. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya unaowapata watoto wa ukanda wenye malaria nyingi. Sisi wa ziwa tumo ndani ya ukanda huo. Ni saratani, nayo hukua upesi kuliko nyingine karibu zote. Dalili yake ya mwanzo inaweza kuwa magego kulegea kwa mtoto wa miaka minne au sita, bila kuoza, kisha taya au shavu kuvimba. Mzazi anasema ni jino. Duka la dawa linampa vidonge vya kuua vijidudu. Mtu anang'oa jino lililolegea, uvimbe unazidi. Zimepita wiki nne, na wiki nne ni nyingi mno kwa ugonjwa ule. Ukiwahiwa, huitikia dawa vizuri, na Bugando, ambako saratani za watoto hutibiwa, si mbali na sisi. Kila nesi, kila mwalimu wa darasa la kwanza na kila muuza dawa wa Misungwi ajue hivi: mtoto mdogo mwenye meno yaliyolegea kabla ya wakati na shavu lililovimba apewe rufaa wiki hiyo hiyo.

Kuhusu maji nitasema machache. Floridi ni dawa ikigusa jino kutoka nje kwa kiasi, na ni sumu kwa jino ikinywewa kwa wingi wakati jino linajengwa, yaani tangu kuzaliwa hadi kama miaka minane. Jino hutoka na madoa meupe au ya kahawia, na floridi ikizidi sana, jino linamomonyoka. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu iliwahi kuvumilia hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini, kwa sababu mikoa mingi ya kaskazini na ya ukanda huu ina visima vyenye floridi nyingi na watu walipaswa kunywa kitu. Maji ya ziwa yana floridi kidogo, anayeyapata bombani hana shida hiyo. Lakini vijiji vilivyo mbali na ziwa huchimbiwa visima virefu. Kabla pampu haijafungwa, sampuli ipelekwe maabara ya maji Mwanza, na kipimo cha floridi kisomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa namba. Kuchemsha hakuiondoi. Na magadi ya kulainishia maharage na mlenda mara nyingi hubeba floridi nyingi. Chakula cha mtoto mdogo kitengwe kabla ya magadi kutiwa.

Nimesema sana kuhusu watoto, na watu wazima wanastahili sentensi zao. Mwenye fizi zinazotoka damu akipiga mswaki huacha kupiga, akidhani anajiumiza. Afanye kinyume: apige taratibu, kila siku, na ukoga uliogeuka jiwe ukasafishwe na tabibu. Mjamzito fizi humvimba kwa urahisi, naye yuko kliniki tayari. Mwenye kisukari asiyetunza fizi hata sukari yake inakuwa ngumu kuishusha. Mwenye ugoro mdomoni na kidonda kisichopona kwa wiki mbili asingoje ya tatu. Na tafadhali, mtu asitie maji ya betri kwenye jino. Nimeona midomo iliyoungua. Jino likiuma hadi shavu linavimba, kumeza kunakuwa kugumu na shingo inajaa, usaha unashuka kuelekea njia ya hewa: huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa usiku huo huo.

Waheshimiwa, kikao chenu kikifungua Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, nawaomba mtafute mahali palipoandikwa kinywa na meno na mwulize maswali ya kawaida kabisa. Simenti ya kuziba imenunuliwa, au ni ganzi tu? Manesi wa kliniki wamefundishwa lini kuinua mdomo wa mtoto? Shule ngapi za kata zetu zina shimo la kutemea? Kisima cha mwisho mlichokizindua kilisomeka miligramu ngapi? Msikubali jibu la jumla. Muombe majina ya vituo na tarehe.

Mjukuu wangu akitimiza miezi tisa tutarudi kliniki kwa chanjo ya surua na rubela. Meno yake mawili ya chini huenda yatakuwa yametoka, na fizi za juu zitakuwa zimeinuka pale pale mama mkwe alipopitisha kidole kwa mwanangu mwaka 1988. Nitakaa kwenye benchi lile lile. Zamu yetu ikifika nitamwomba nesi tena anitazamie, na nitafurahi sana nikikuta ameshainua mdomo wa mtoto kabla sijauliza.

Wenu katika kulea,

Mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza,
Usagara, Misungwi.